Mutu Mubaya ya Filme Alikuwa Tonton Yangu

Mukubali ao mukatae, miye mutu akiniambia filme fulani iko muzuri juu ya ule kijana mwenye kofia nyeupe, ninamuacha aseme mpaka amalize, kisha ninamuuliza: na ule mubaya, ulimuona namna gani? Kama ananijibu "ah, ule, sikumbuki sura yake," basi ninajua filme ilikuwa maji tu. Hata aniapie, hata akasirike. Tumeshagombana na watu mingi juu ya neno hii na sijarudi nyuma.

Jumapili iliyopita tulitoka mu salle moja ya filme kule Makiso, kati ya muji, miye na marafiki wawili wa rika yangu. Njia muzima wanasifu kijana. Ameruka hivi, amepiga hivi, ameshika ule mwanamuke hivi. Miye nimenyamaza, na wenye kunijua watashangaa. Ilikuwa ile harufu. Mashini ya filme ikizunguka sana, vumbi inaungua polepole juu ya taa yake, na harufu inashuka mpaka ku viti, harufu kavu, sawa pasi ya makaa yenye wamesahau juu ya nguo. Nikawa tena na miaka nane ao tisa, nimekaa chini mu salle ya misioni, madirisha imefungwa na mablanketi juu jua isiingie, na mbele yangu, ku shuka nyeupe, Tonton Anselme anatoka nyuma ya jiwe na kisu.

Tonton Anselme alikuwa ndugu mudogo ya mama yangu. Papa yangu alikuwa ameenda kutafuta kazi upande wa Bafwasende, na ile njia ilimumeza, hatukupata habari tena. Donc Tonton ndiye alitulisha. Alikuwa mutu ya maji, muvuvi, sawa wazee wake wote. Wenye mumekulia pale ku maporomoko ya muto munajua: wakati maji inapunguka, wanaume wanasimika miti mikubwa kati ya mawe, wanaifunga na kekele, ile kamba ya pori, kisha wanatundika vikapu mikubwa ndani ya povu na samaki inaingia yenyewe. Kila jamaa iko na nafasi yake. Na kazi ya kufunga haifanywi na mutu moja. Moja anashika, moja anafunga, wote wawili juu, na chini yao maji yenye haimurudishi mutu. Tonton alifungaka na Papa Aloizi, rafiki yake tangu walikuwa wanatembea uchi.

Kwetu mwizi anasamehewa. Anapigwa, anarudisha kitu, mambo inaisha. Lakini mutu mwenye kukata kekele ya mwenzake hana jina ya mwizi. Ule ni muuaji, juu kuko mutu juu ya ile miti. Hata kwa muchezo, mutoto akisema "nitakata kekele yako," mama yake anamupiga ku mudomo.

Bon. Siku moja mupe moja alikuja na mashini ya kukamata picha. Padri mwenye ndevu nyekundu, mutu muzuri, anatokwa jasho kila saa. Alitaka kufanya filme na watu ya hapa, ya kutisha kidogo, alisema, lakini yenye kufundisha. Kuko muvuvi muzuri, mukristo, anapata samaki mingi. Kuko mwenye wivu, anakata kekele yake. Muzuri anaanguka, Mungu anamuokoa, mubaya anakimbizwa mu pori mpaka anakamatwa. Kwa ule muzuri mupe alipata watu kumi siku moja. Alichagua mutoto ya katekista, mwenye meno meupe. Kwa ule mubaya hakupata hata kipofu. Kila mutu alimuambia: mupe, miye niko na jamaa.

Tonton alisikia ile habari akiwa anakula. Alisema: "Kama hakuna mubaya, ule mwenye meno atafanya nini? Atasimama tu pale anachekacheka mpaka mashini inachoka?"

Mama akamuambia: "Anselme, usianze."

"Dada, nimeuliza tu."

Kesho yake alienda kumuambia mupe ndiyo.

Juma mbili nilimuona akifanya kazi ya sura yake. Alikaa nyuma ya nyumba, beseni ya maji mbele yake, anajiangalia. Kwanza alifanya sawa wote wanafanyaka: anakunja uso, anatoa macho, anasaga meno. Nilicheka. Akamwaga maji. "Umecheka," aliniambia, "basi haiko kitu." Siku ingine aliniuliza: "Mama yako akikasirika kweli, anafanya nini? Analalamika?" Nikawaza. Nikasema hapana, anapanga masahani, polepole, moja juu ya ingine. Tonton akaniangalia sana. "Umeona. Mubaya hapigi kelele. Mubaya anaona yeye ndiye iko na haki." Sikuelewa kitu. Lakini miye, mwenye sikupata masomo, na kusoma nilijifunza peke yangu ku makaratasi yenye wanafungia chumvi, sijapata mahali ingine pameandikwa neno ya nguvu kupita hii.

Walikamata picha, mupe akaituma filme mbali isafishwe, na ilirudi kisha miezi. Waliionyesha jumapili, kisha misa ya pili, mu salle yenye ilijaa mpaka watoto walikaa juu ya watoto. Haikuwa na sauti. Mwalimu moja alisimama pembeni na fimbo, anafasiria: huyu ndiye muzuri, huyu anasali, huyu anatengeneza kikapu. Watu wanacheka, wanaita mutoto ya katekista jina yake, wanauliza alikopa wapi ile shati. Kisha Tonton akaingia, na mwalimu akasahau kusema.

Alimusalimia muzuri. Alimusaidia kubeba kikapu, wakacheka pamoja. Muzuri akageuka aende, na pale, juu ya ile shuka, kicheko ya Tonton ilibaki ku mudomo lakini macho ikaondoka. Ni hiyo tu. Hakufanya kitu ingine. Nilisikia salle muzima inavuta pumzi, na mama moja nyuma yangu akakokota mutoto yake karibu. Kisha kisu. Alikuja chini ya miti, hakuangalia huku na huku, mukono ilienda moja kwa moja ku kifundo ya chini, ile yenye inashika miti tatu, na akakata mara moja sawa mutu mwenye kukata mukate yake.

Tonton hakuwa mu salle. Alibaki inje, alisema anasikia haya. Na miye mu kichwa yangu ya mutoto nilikuwa nimepanga mambo hivi: ile yenye ninaona, iko inafanyika sasa, mahali fulani, na kila wakati mashini itazunguka, Tonton analazimishwa kuifanya tena. Donc nilisimama. Nililia na sauti yote: "Tonton, wacha. Tonton, usikate, wacha." Salle muzima iligeuka kuniangalia. Hakuna mutu alicheka.

Ni miye nilimuharibia jina. Ninaisema waziwazi juu hata leo kuko wenye wanasema ilikuwa filme. Filme ilitisha watu, ndiyo, lakini watu wanajua kutishwa, wanatoka inje, wanakunywa maji, inaisha. Lakini kilio yangu haikuisha. Ilitembea mu kartie muzima, nyumba kwa nyumba: hata mutoto ya nyumba yake anamujua.

Ku soko Mama Veroniki, mwenye alinunuaka samaki ya moshi ya mama kila siku ya pili, alishika samaki, akainusa, akairudisha. "Leo nitakula mboga," alisema. Kesho yake pia mboga. Nilimuambia mama kwa sauti ili asikie: "Atageuka mbuzi." Mama alinifinya, lakini hakunifinya sana. Mutoto moja wa jirani aliimba kwamba tonton yangu anakata watu, na nilimuuma sikio. Ile alama iko naye mpaka leo, iko mutu mukubwa, anafanya kazi ku bandari, na kama anasoma hii ajue sijatubu.

Pale sasa maji ikapunguka, wakati wa kusimika miti. Na mu ile juma ya kwanza, kekele ya Papa Aloizi ilikatika. Muti moja ilienda, kikapu ikaenda nayo. Hakuna mutu alikuwa juu, Mungu iko. Ilikuwa kekele ya mwaka uliopita, kavu, Papa Aloizi mwenyewe alikuwa anailalamikia. Lakini watu waliangalia mahali ilikatika, na ilikuwa kifundo ya chini.

Alors hapo wakafanya akili. Walisema: mutu mwenye hajakata hata siku moja, mukono yake inatafuta. Mu filme ile mukono haikutafuta. Basi iko inajua njia. Kapita ya maji, mwenye alipangaka nafasi za watu wote pale, alituma neno kwamba Anselme asiweke muguu juu ya muti hata moja mpaka mambo isemwe. Na kama haisemwi vizuri, nafasi ya jamaa yetu, yenye babu ya babu alifunga na mukono yake, itapewa watu wengine. Nyumba yetu haikuwa na shamba. Ilikuwa na ile miti, ni hiyo tu.

Papa Aloizi hakusema kitu. Ni hiyo iliumiza Tonton kupita yote. Alikaa nyuma ya nyumba, bila beseni.

Kikao ilikuwa asubuhi, ku lupango, ule uwanja wa nyumba ya Kapita. Wanaume walikaa, wanawake walisimama wakiegemea lukuta ya nyumba, miye kati ya miguu ya mama. Mupe alikuja pia, mwekundu sawa pilipili, na alikuwa na dawa yake tayari. Atafanya filme ingine. Mara hii Anselme atakuwa ule muzuri. Watu watamuona anasali, anasaidia wajane, na neno ya mbele itafutika.

Kapita alipenda. "Avae shati nyeupe," alisema. "Apige magoti, watu wamuone. Kisha arudi ku miti yake. Anselme, umesikia? Tumekupa mulango."

Mama alishaanza kupangusa macho. Tonton alipaswa kusema ndiyo, ni hiyo tu.

Tonton akasema: "Hapana."

"Unasema nini?"

"Ninasema hapana, Kapita, na heshima. Kama ninavaa shati nyeupe leo, ni kusema nilikuwa muchafu jana. Sikuwa muchafu. Nilikuwa kazini."

"Kazi gani? Kutisha watoto?"

"Ulitishika na weye. Walinieleza ulishika mukono ya mwalimu."

Watu wakakohoa, munajua kile kikohozi ya kuficha kicheko. Kapita akafungua mudomo, na kabla sauti itoke, Tonton alikuwa ameshakaa ku kisanduku moja pale katikati. Alikaa sawa Kapita. Sijui namna ya kueleza. Hakuiga sauti, hakutoa tumbo. Aliweka tu mukono moja juu ya goti, akainua kidevu kidogo, akangojea, na macho yake ikawa ile macho ya mutu mwenye anapigiwa mahesabu ya samaki na haamini. Ilikuwa yeye kabisa. Bibi ya Kapita ndiye alianza kucheka, kisha lupango muzima.

Tonton akasimama, akawa Tonton. "Mumeona. Nimekuwa Kapita kidogo. Sasa nani hapa, kesho, ataniletea miye ile sehemu ya samaki ya kapita?"

Muzuri sana, lakini Kapita hakucheka. Watu wakiona mukubwa hacheki, na wao wanarudisha meno ndani. "Unanichezea mu lupango yangu," alisema polepole. "Kuiga unajua. Lakini ile kifundo hukuiga. Ile kifundo uliijua."

Na wote wakatikisa kichwa. Kifundo ya chini. Ndiyo, kifundo ya chini.

Miye damu ilinipanda. Nilitoka mu miguu ya mama. "Na ninyi muliijua namna gani?" nilisema. Mama akanikamata nguo, nikavuta, nguo ikapasuka. "Munasema wote kifundo ya chini, kifundo ya chini. Nani aliwaonyesha? Ao ninyi wote mumeshakata kekele ya watu?"

Kapita akauliza: "Huyu iko nani?"

"Ni ule wa kulia mu salle," mutu akajibu.

"Nililia juu nilikuwa mutoto," nikasema.

Hapo ilipita miezi mbili tu, na walicheka, miye nikawa karibu kuuma mutu tena. Lakini kicheko ikaisha. Wanaume waliangalia mikono yao. Kila mutu ya maji anajua ile kifundo. Kama umefunga, unajua pa kukata. Mupe, mwenye hakuwa mutu ya maji, alitaka Tonton akate popote, na Tonton alikataa juu watu ya kwao wataona haya kuona kekele inakatwa ovyo. Ni kwa wao alikata vizuri.

Pale Papa Aloizi alisimama. Alikuwa mutu murefu, wa maneno kidogo.

"Mupe," alisema, "ile filme yako ingine. Kwa ule muzuri, umeshapata mutu?"

"Bado, Papa Aloizi."

"Niandike miye. Na mubaya usitafute mwingine. Tufanye juu ya miti yangu, na maji ya kweli na kisu ya kweli."

Mupe akasema iko hatari. Papa Aloizi akasema iko hatari kila siku. Kisha akageukia Kapita: "Kama Anselme iko mubaya, nitaanguka, na mutakuwa na haki, na bibi yangu atalia. Kama haiko mubaya, munamuachia nafasi yake." Na kwa Tonton, bila kumuangalia sawasawa: "Na usicheze nusu. Ukinihurumia hapo juu, watu watasema ulificha ubaya yako."

"Sichezaka nusu," Tonton alijibu.

Walifanya kisha siku tatu, asubuhi, jua ikiwa upande wenye unafaa picha. Watu wote ya maji walikuja ku mawe. Mama alikataa kuja, akabaki nyumbani anapanga masahani. Mupe alikuwa ameomba waongeze kekele moja ya zamani, yenye haishiki kitu, pembeni ya ile ya kweli, na Tonton atakata ile ya zamani. Kati ya kekele mbili kulikuwa nafasi ya kidole. Ya mutoto, si ya mutu mukubwa.

Papa Aloizi alipanda, akasimama juu ya muti na mugongo kwetu, anavuta kikapu. Maji ilikuwa inalia chini sana, ile sauti yenye unaisikia ku tumbo. Mupe akaanza kuzungusha mashini. Na Tonton akatoka nyuma ya jiwe.

Nilijua iko kazi. Nilikuwa nimeiona ikitengenezwa mu beseni, nilikuwa nimesema mbele ya wanaume wote kwamba iko kazi. Lakini ule mutu mwenye alikuja anatembea juu ya mawe hakuwa wa kwetu. Alikuja polepole, ametulia, na haki yake yote ku uso. Alisimama chini ya rafiki yake na akamuangalia mugongo wakati murefu, murefu kupita yenye mupe alimuomba, na ku ile uso kulikuwa hata mapendo kidogo, na ni hiyo ilinikausha mate. Mukono ikaenda ku kifundo bila kutafuta. Kisu ikakaa juu ya kekele. Ya kweli ao ya zamani, kutoka ku mawe hakuna mutu aliweza kuona.

Akakata. Muti ikatetemeka. Kapita, mutu mukubwa vile, alikuwa ameshaingia mu maji na viatu yake mpaka ku magoti, mikono mbele, anaenda kumushika nani sijui. Papa Aloizi hakugeuka. Mupe alikuwa amemuambia asigeuke, lakini nani anakumbuka neno ya mupe pale juu? Kipande ya kekele ikaanguka, povu ikaibeba. Miti ikabaki.

Sasa wale marafiki yangu waje waniambie ile nguvu ya Papa Aloizi ilitoka wapi. Mu filme ile, watu walisifu mugongo yake mpaka Makiso. Mugongo. Uso yake haionekani hata mara moja. Mutu anasimama tu na anavuta kikapu, sawa kila siku ya maisha yake, na salle muzima inalia juu yake, juu ya sababu moja tu: mwenye iko nyuma yake na kisu anatisha kweli. Ondoa Tonton, weka mwenye kukunja uso, utaona mwanaume anavua samaki.

Mupe aliinua mukono, mashini ikanyamaza. Kapita akatoka mu maji, akaangalia viatu yake, akasema bila kuinua kichwa: "Anselme, nafasi yako iko pale yenye ilikuwa," na akaenda, viatu inalia choko, choko, na mara hii hakuna mutu alikohoa.

Papa Aloizi alishuka. Alikaa juu ya jiwe, akaweka mikono kati ya magoti.

"Tangu tuko watoto ninakujua," alisema. "Na nilikuogopa."

"Nilisikia," Tonton akasema. Alikuwa anapangusa kisu ku suruali, na uso yake ilikuwa bado inarudi, kidogo kidogo. "Mugongo yako ilikuwa inatetemeka."

"Haikutetemeka."

"Aloizi."

"Ilikuwa muti."

Tonton akanitazama sawa kunituma niseme ukweli, na miye nikasema ilikuwa muti. Papa Aloizi akacheka peke yake, akasimama, akaangalia juu. Kisha wakapanda wote wawili, moja anashika, moja anafunga, maana ile kekele ya upande wa kushoto ilikuwa imelegea kweli.